Maua ya Hina Yasipotee

Mama wa bibi harusi alikuja na sharti moja tu. Video yote ya harusi ya binti yake, saa tatu kamili, ikae kwenye flashi moja, faili moja, na iweze kuchezwa kwenye televisheni ya nyumbani kwao Tanga bila kompyuta. Bibi yake huyo binti ni mtu mzima sana, hakuweza kusafiri kuja Dar es Salaam, na macho yake hayamudu kioo cha simu. "Nichomeke, ianze, iende mpaka mwisho," alisema yule mama. Fundi akajibu, "Nimekuelewa mama, njoo keshokutwa jioni," akamwandikia stakabadhi.

Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la duka lake pale Magomeni, na niliposikia saa tatu na faili moja nikamtazama usoni. Hakukunja uso. Alivuta kikokotoo. Flashi zinazosomwa na televisheni za zamani huwa zimefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo hauhifadhi faili linalozidi baiti 4,294,967,295. Saa tatu ni sekunde 10,800. Gawanya, toa sauti, acha nafasi kidogo ya tahadhari: picha inabakiwa na kama kilobiti 2,950 kwa sekunde. Sasa picha ya 1920 kwa 1080 yenye fremu 25 kwa sekunde, kabla haijabanwa, inakula kama kilobiti 622,000. Maana yake katika kila biti 200 na ushei, fundi anaruhusiwa kubaki na moja.

Nimeona video nyingi za harusi zilizopigwa kwa kamera nzuri na mikono mizuri zikaharibikia hatua hii ya mwisho. Programu ya kuhariri ina kitufe cha kutolea kazi, mtu anabonyeza, anakwenda kunywa chai, na kinachotoka ndicho anachokabidhi. Muziki unapopamba moto ukumbini, nyuso zinakatika miraba, shela inakuwa wingu, ukuta wa nyuma unaonekana kama umepigwa plasta na mtu mwenye haraka. Mteja anadhani kamera ilikuwa mbovu.

Fundi hakubonyeza kitufe. Alikata vipande vinne visivyozidi sekunde 30 kila kimoja, akaviweka kwenye folda aliyoipa jina la bibi harusi. Cha kwanza, wazee wakitoa nasaha, kamera imetulia kwenye miguu yake mitatu. Cha pili, bwana na bibi harusi ufukweni wakati wa magharibi, anga limeiva rangi ya chungwa na kushuka polepole hadi zambarau. Cha tatu, dansi: taa za disko, moshi, karatasi za kumetameta zikirushwa juu. Cha nne kilikuwa mikono ya bibi harusi peke yake, imepakwa hina, anavishwa pete. Mistari ya hina ile ilikuwa myembamba kama uzi wa cherehani, imepanda kutoka kwenye viganja hadi ncha za vidole, maua kwa majani.

"Hicho ndicho kipimo changu," aliniambia. "Maua yakionekana yote mpaka kwenye kucha, kazi imekaa. Yakiwa doa, tumeshindwa, hata kama kwingine kuzuri."

Ili kuuona ufundi wake ni lazima kwanza kujua enkoda, yaani programu inayobana video, inafanya nini usiku kucha. Hukata kila fremu katika miraba ya pikseli 16 kwa 16, na kwa kila mraba hujiuliza kama imewahi kuuona. Ukuta wa nyuma ya jukwaa ulikuwepo kwenye fremu iliyopita na hii nayo unao, basi huandika kwa ufupi kwamba ubaki vilevile. Mkono wa MC umesogea kulia, basi huandika kwamba kipande hiki kimetoka pale kimehamia hapa. Zipo hata fremu zinazotabiriwa kutoka pande zote mbili, iliyopita na ijayo. Kinachobaki ni kile ambacho utabiri umekikosa, na hicho hugeuzwa kuwa mawimbi, makubwa na madogo, kwa hesabu iliyotokana na kazi ya Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa Chuo Kikuu cha Kansas State huko Marekani. Mwaka 1972 aliomba fedha za kuifanyia utafiti akanyimwa. Akaifanya hivyohivyo, na mwaka 1974 akaichapisha pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao. Mawimbi makubwa huhifadhiwa, madogomadogo hukatwa. Kwenye kukata ndiko ubora unakopotelea, na mistari ya hina, kwa wembamba wake, ni mawimbi madogomadogo.

Kwa hiyo kazi ya kuchagua mipangilio ni kazi ya kugawa. Chakula ni kile kile, wageni ni wale wale, na mgawaji mzuri anajulikana kwa kumtambua aliyekaa mbali na sinia.

Fundi anatumia x264, enkoda ya bure iliyolelewa katika nyumba moja na VLC, ile programu yenye alama ya koni ya rangi ya chungwa ambayo huikosi kwenye laptopu za mjini. Laurent Aimar ndiye aliyeianza, kisha Loren Merritt na Fiona Glaser wakaibeba kwa miaka. Inatoa video za kiwango cha H.264, kilichotangazwa mwaka 2003. Vipo viwango vipya vinavyobana vizuri zaidi, HEVC cha mwaka 2013 na AV1 cha mwaka 2018, na kama flashi ingekuwa inakwenda kwa kijana mwenye simu ya mwaka huu, Fundi angefikiria kimojawapo. Televisheni ya Tanga haivijui. Mjadala ukaishia hapo.

Kuna jambo moja kuhusu watu wa x264 ambalo huwa nalikumbuka kila nikiona picha nzuri. Kwa muda mrefu enkoda zilipimwa kwa hesabu: chukua picha ya asili, chukua iliyobanwa, toa moja kwenye nyingine, tofauti ikiwa ndogo basi enkoda ni nzuri. Kipimo hicho kinapenda ukungu. Ukifuta chembechembe za ukuta ukaacha rangi ya wastani, hujakosea sana popote, na alama zinapanda. Lakini jicho la mtu halikubali. Jicho linasamehe ukuta wenye chembe zilizokaa tofauti kidogo na za asili. Ukuta uliogeuka laini kama plastiki linaukataa mara moja. Mwaka 2008 x264 ikaongezewa njia ya kuamua kwa kuzingatia jicho: mraba uliokuwa na ukwaruzo ubaki na ukwaruzo, hata kama si ule ule. Mwaka huohuo ikapata pia njia ya kunyang'anya biti kutoka kwenye maeneo yenye vurugu, ambako kasoro hujificha, na kuzipeleka kwenye maeneo matulivu, ambako kasoro hupiga kelele. Alama za hesabu zilishuka. Picha ikapendeza. Wakaweka hata mpangilio maalumu kwa wale wanaoshindana kwa alama, na kazi ya mpangilio huo ni kuizima ile busara ya jicho. Kwangu mimi, kukubali chombo chako kionekane kibaya kwenye jedwali ili kiwe kizuri sebuleni mwa mtu ni uungwana wa hali ya juu.

Turudi Magomeni. Jaribio la kwanza Fundi aliliacha kwenye ukubwa uleule wa 1080. Nasaha za wazee zilitoka safi kabisa. Hina ilitoka vizuri. Ufuo ulikuwa na kasoro, nitaieleza. Dansi ilikuwa msiba. Kila taa ilipowaka ghafla utabiri wote ulivunjika, kwa sababu fremu moja ni nyeupe na inayofuata ni nyeusi. Moshi haufanani na kitu chochote kilichopita. Na zile karatasi za kumetameta ni mamia ya vitu vidogo, kila kimoja kinakwenda kwake.

Alikwenda kwenye televisheni kuukuu aliyoitundika ukutani dukani, akachomeka flashi, akarudi nyuma hatua tano na kutazama amesimama. Huwa haamini kioo cha kompyuta. Anasema hakuna bibi atakayetazama harusi akiwa ameegemeza pua kwenye kioo.

Kisha akapunguza ukubwa hadi 1280 kwa 720. Mtu asiyejua atadhani ameharibu, maana ameanza kwa kutupa zaidi ya nusu ya pikseli. Lakini biti ni zilezile, na sasa zinagawiwa wachache: badala ya kubana mara 200 na zaidi, anabana mara 90 na kidogo. Dansi ikapata nyuso. Netflix walieleza jambo hilihili mwaka 2015 walipoanza kuipangia kila filamu ngazi zake yenyewe, kwa kutafuta kwa hesabu ni wapi picha ndogo iliyoshiba inaipiku picha kubwa yenye njaa. Wao wana kompyuta nyingi za kujaribu kila mchanganyiko. Yeye ana hatua tano za kurudi nyuma.

Hina, hata hivyo, ilififia kidogo. Aliniita nisogee. Kwenye 1080 ungeweza kuhesabu petali za ua lililokuwa juu ya kidole cha pete. Kwenye 720 petali mbili zilikuwa zimeungana. Alinyamaza kwa muda. Nikamuuliza kama angerudi kwenye 1080. Akatikisa kichwa: "Hina ni sekunde kumi na mbili. Dansi ni saa nzima. Lakini hina sijaiacha bado."

Akahamia kwenye chenga. Ukumbini usiku, kamera hujilazimisha kuona, na kwenye giza huzaa chembechembe zinazochezacheza katika kila fremu. Kwa enkoda chembe hizo ni habari mpya kila mara, haziwezi kutabiriwa, hivyo hula biti kama mchwa. Ukizisafisha kabla ya kubana, biti zinarudi mfukoni. Ukizisafisha kupita kiasi, ngozi za watu zinakuwa za sanamu la nta, na mapambo ya nguo yanaondoka nazo. Fundi alisafisha dansi na nasaha peke yake, kwa kiwango kidogo, akilinganisha mara nne au tano akiwa ameukazia macho uso wa mzee mmoja mwenye mikunjo kwenye paji. Mikunjo ilipoanza kulainika alirudi hatua moja nyuma. Kipande cha hina hakukigusa kabisa; kilipigwa mchana karibu na dirisha, hakikuwa na chenga.

Hapo ndipo nilipouona mgawo wenyewe. Biti zilizookolewa kwenye giza la ukumbi hazibaki ukumbini. Anabana kwa awamu mbili: awamu ya kwanza enkoda husoma video nzima na kuandika daftari la ugumu wa kila fremu, awamu ya pili hugawa fungu lote kwa kufuata daftari hilo. Mzee akitoa nasaha kwa dakika ishirini bila kuinuka kitini, anakuwa amewachangia wacheza dansi. Ukisafisha chenga ya saa nzima, sekunde kumi na mbili za hina zinaweza kupata zaidi ya haki yake. Tukatazama tena. Petali zilikuwa zimeachana.

Ufuoni tatizo lilikuwa jingine. Anga la magharibi linashuka rangi taratibu sana, na picha ya biti nane ina vivuli 256 tu kwa kila rangi, hivyo enkoda ikikata mawimbi madogo, mteremko laini unakuwa ngazi. Unaona mistari mipana angani kama matabaka ya keki. Dawa yake bora ni biti kumi, zenye vivuli 1,024, lakini televisheni na simu nyingi hazichezi H.264 ya biti kumi. Fundi alitia anga lile chembe nyepesi mno, mtu hawezi kuziona kutoka kwenye kochi, zikavunja kingo za ngazi. Nililiona jambo hilo lina uzuri wake: siku ileile aliyotoa chenga ukumbini, alitia chenga angani, na kote alikuwa sahihi.

Mipangilio mingine niipite haraka. Kwa kuwa sehemu kubwa ya video ni ya usiku, alichagua ile namna ya mgawo inayopendelea maeneo ya giza. Kichujio cha kulainisha mipaka ya miraba, ambacho wengi hukipunguza ili picha iwe kali, alikiacha palepale, kwa sababu kwenye biti chache ukali huo hufichua miraba. Ile nguvu ya kuhifadhi ukwaruzo aliishusha kidogo tu, maana ikiwa juu ilizungushia vumbi maandishi ya kwenye kanga za akina mama waliokuwa wakicheza. Kanga zenyewe zilikuwa na shida ambayo hakuna mpangilio ungeiponya: video za kawaida huhifadhi sampuli moja ya rangi kwa kila pikseli nne, kwa kuwa jicho letu ni hodari kwa mwanga kuliko kwa rangi, na nyekundu ikikaa kandokando ya nyeusi huvuja kidogo ukingoni. Nikamwonyesha. Akasema amekuwa akiiona tangu aanze kazi hii.

Jambo moja lilinifunza zaidi ya mengine. x264 ina ngazi kumi za mwendo, kutoka ya haraka kupindukia hadi ya polepole mno. Kadiri unavyokwenda polepole ndivyo inavyotafuta utabiri mzuri zaidi, na picha inakuwa bora kwa biti zilezile. Ngazi ya mwisho kabisa waundaji wake waliipa jina la plasebo, ile dawa isiyo na dawa ndani, kwa sababu inakula muda mwingi kwa faida usiyoiona. Fundi alitaka ile inayoitangulia, polepole sana. Lakini ngazi hiyo huiruhusu enkoda kurejea hadi fremu 16 zilizohifadhiwa, na televisheni haina kumbukumbu ya kutosha kuzishika zote. Nyingi zimeundwa kwa daraja la 4.1 la H.264, ambalo kwa picha ya 1080 linashika fremu nne tu. Kwa 720 linashika tisa. Akaandika tisa. Angeacha 16, video ingecheza vizuri sana kwenye kompyuta yake na kukwamakwama Tanga, mbele ya bibi na majirani, naye asingekuwepo kuieleza.

Saa mbili usiku alianzisha awamu ya pili. Fremu ni 270,000, na laptopu yake ilikuwa ikimaliza kama sita kwa sekunde, yaani saa kumi na mbili na nusu. Aliichomeka kwenye betri ya akiba, akaiinua juu ya vipande viwili vya mbao ili ipumue, akaielekezea feni. Kisha akafunga duka. Nilishangaa kwamba baada ya kutwa nzima ya kurudi nyuma hatua tano na kusogea mbele hatua tano, amri yenyewe aliyoiandika ilikuwa mistari mitatu.

Keshokutwa jioni mama alikuja. "Shikamoo mama," Fundi alisema, akampisha kiti mbele ya televisheni ya ukutani. Hakumweleza lolote kuhusu biti wala fremu. Alimwekea mwanzo, akamrukia hadi ufukweni, kisha dansi. Kwenye dansi, karatasi za kumetameta ziliporushwa, kwa muda kama wa sekunde moja picha ililainika. Mimi niliona kwa sababu nilikuwa naitafuta. Mama alikuwa anaimba. Mwisho akamwekea mikono. Yule mama aliinuka kitini, akasogea hadi kwenye kioo, akaweka kidole juu ya kidole cha mwanawe na kusema hina ile aliipaka shangazi mtu, ilimchukua usiku mzima.

Faili lilikuwa na gigabaiti 4.15. Lile kuu, ambalo Fundi alilitoa kwa kilobiti 50,000 kwa sekunde kabla ya kubana, lilikuwa na gigabaiti 67 na nusu, na ndani yake petali zote zinahesabika. Mama hakuwa na pa kuliweka, na duka haliwezi kuhifadhi mafaili ya namna hiyo milele. Nawe ukienda kuchukua video ya harusi yako, au ya mwanao, beba diski ngumu pamoja na ile flashi, umwombe fundi wako akunakilie na faili kuu.